Sura ya Sita: Nani Atajaza Mtungi?

Ugomvi uliomshinda Budha ulianzia chooni.

Ilikuwa katika mji wa Kosambi, kando ya mto Yamuna, kaskazini mwa India, miaka zaidi ya 2,400 iliyopita. Wafafanuzi wa kale wa maandiko ya Kibudha wanasimulia kwamba mtawa mmoja, mwalimu mwenye wanafunzi wengi, alitoka msalani akaacha maji kidogo katika chombo cha kujisafishia. Akaingia mtawa wa pili, bingwa wa sheria za watawa, akayaona. Alipotoka akamwuliza mwenzake kama ndiye aliyeyaacha. Mwalimu akakiri. Akaambiwa ni kosa. Akajibu kwamba hakujua, na kama ni kosa yuko tayari kuliungama. Bingwa akamtuliza: ikiwa hukukusudia, basi si kosa.

Yangeishia hapo. Lakini bingwa aliporudi kwa wanafunzi wake akawadokezea kwamba mwalimu yule anakosea na wala hajui kuwa amekosea. Wanafunzi hao wakawatambia wanafunzi wa upande wa pili. Maneno yakamfikia mwalimu. Akahamaki: jana ameniambia si kosa, leo anasema ni kosa, basi mwongo ni yeye. Upande mmoja ukamtenga mwalimu, upande wake ukakataa kuutambua utengo huo, na watawa wa mji mzima wakagawanyika. Hata waumini wa kawaida waliokuwa wakiwapa chakula wakachukua pande.

Budha mwenyewe akaja kuwasuluhisha. Wakamwambia, kwa adabu zote, apumzike tu na taamuli yake. Hili watalimaliza wenyewe. Akajaribu tena. Wakarudia jibu lilelile. Mwishowe akachukua bakuli lake, akaondoka peke yake bila kuwaaga.

Safari hiyo ndiyo inayonileta kwenye sura hii. Njiani alifika kwenye bustani ya mianzi walimokuwa wakiishi watawa watatu: Anuruddha, Nandiya na Kimbila. Mlinzi wa bustani, asiyemfahamu, akamzuia mlangoni. Akamwambia kuna mabwana watatu humu ndani wanaotafuta utulivu, asiwasumbue. Hebu fikiria: mtu aliyetoka kufukuzwa kistaarabu na wanafunzi wake sasa anazuiwa na askari wa geti. Anuruddha aliisikia sauti, akatoka haraka kumweleza mlinzi kwamba huyu ndiye mwalimu wao.

Baada ya kuoshwa miguu na kuketi, Budha aliwauliza wanaishije. Wanapatana kama maziwa na maji? Wanatazamana kwa jicho la upole? Wakasema ndiyo. Hakuridhika na ndiyo. Akauliza: kwa vipi hasa?

Jibu la Anuruddha lina sehemu mbili. Kwanza alieleza kwamba kila mmoja anawatendea wenzake mema, anawasemea mema na kuwawazia mema, hadharani na faraghani. Kisha akataja mambo ambayo mtu hategemei kuyakuta katika kitabu cha dini. Anayerudi wa kwanza kutoka kuomba chakula kijijini hutandika mikeka, huweka maji ya kunywa na ya kunawa, na chombo cha taka. Anayerudi wa mwisho hula kilichobaki akipenda, au hukimwaga mahali pasipoota majani. Kisha huosha vyombo na kufagia. Na yeyote anayeona mtungi wa maji ya kunywa, wa kuogea au wa msalani umekauka, huujaza. Ukimlemea, humwita mwenzake kwa ishara ya mkono, wakaubeba pamoja, pasipo neno.

Maji yaliyobaki katika chombo kimoja yaliwagawa watawa wa mji mzima. Mtungi mtupu ukawa kiungo cha watu watatu. Nia ya kutendeana mema ambayo Anuruddha aliitaja, kwa Kipali, lugha ya maandiko hayo, inaitwa metta.

Pipa la bluu

Nilipoisoma hadithi hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya uani, Dar es Salaam. Wapangaji sita, choo kimoja, bafu moja, na pipa la bluu mlangoni mwa choo. Maji ya bomba yalikuja kwa mgao, aghalabu usiku wa manane. Makubaliano yalikuwa kwamba anayeyasikia yakitoka aamke ajaze pipa. Kila mmoja wetu alilala akiamini kuna mwenzake atakayesikia. Asubuhi pipa limekauka, na aliyeoga mwisho anaulizwa kwa macho.

Mimi na jirani wa chumba cha tatu tulifikia hatua ya kusalimiana kwa vikohozi. Nilikuwa na hakika kwamba anatumia ndoo mbili kila asubuhi na hajawahi kujaza hata moja. Nilikuja kugundua baadaye kwamba naye alikuwa na hakika hiyohiyo juu yangu.

Kwa hiyo nilipoanza kujizoeza metta sikuwa natafuta mwanga wa rohoni. Nilitaka kupita uani bila tumbo kukaza.

Kutakia heri

Tuliite vipi jambo hili kwa Kiswahili? Wengi husema upendo. Neno ni zuri ila ni zito, na limebebeshwa mengi: mapenzi ya ndoa, nyimbo, michango ya harusi. Huruma nayo ni jambo la jirani tu. Wabudha wana neno lake, karuna, nalo ni moyo kuguswa na mateso ya mtu. Metta inatokana na neno linalomaanisha rafiki. Ni hali ya kumtakia mtu mema kama rafiki anavyomtakia rafiki, awe na shida au asiwe nayo. Mimi naiita kutakia heri.

Tunayo heri tele vinywani. Tunaagana kwa heri. Tunaandikiana kila la heri. Mtoto akienda kwenye mtihani, mgonjwa akienda kupasuliwa, basi likianza kuondoka stendi, neno ni hilohilo. Limezoeleka hata halisikiki tena. Asiyependa anachoambiwa kwenye simu husema haya, kwaheri, kwa sauti inayotakia kinyume chake. Mazoezi ya metta, kwa ufupi, ni kusema kwaheri ukiwa umeikusudia.

Na sarufi yetu inatusaidia. Tunasema: ulale salama, upone haraka, mfike salama. Hakuna kauli hata moja kati ya hizo inayodai chochote kuhusu hisia za msemaji. Hazisemi nakupenda, hazisemi nimekusamehe. Zinaelekeza tu nia upande fulani, kama mtu anavyoelekeza mtumbwi kabla hajaanza kupiga kasia. Hapo ndipo nilipopata pa kuanzia. Nisingeweza kusema kwamba nampenda jirani wa chumba cha tatu, moyo ungenicheka. Lakini awe salama? Hilo niliweza kulitamka, hata kama mwanzoni nililitamka kwa kubana meno.

Kosa la wengi wanaoanza ni kukaa wakisubiri joto fulani kifuani, na wasipolipata wanaamini wameshindwa. Neno la Kipali tunalolitafsiri kama taamuli ni bhavana, na maana yake ni kukuza au kustawisha. Mkulima hakai shambani siku ya kupanda akilia kwamba haoni mahindi.

Je, ni ibada ya dini nyingine? Swali hili huulizwa sana kwetu, na ni haki kuulizwa. Chimbuko lake ni la Kibudha na haifai kulificha. Lakini katika zoezi lenyewe haombwi mtu wala mungu. Anayezoezwa ni anayetakia. Mwislamu anayemwombea dua jirani na Mkristo anayemwombea adui yake hawatakuta jambo geni sana. Na hata katika Afrika Mashariki Ubudha haujakosa wenyewe. Mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda mwaka 2005, huko Garuga karibu na Entebbe, baada ya miaka mingi ya kusoma na kujifunza India na Marekani. Anaowafundisha ni pamoja na watu wa palepale kijijini.

Malkia aliyesema kweli

Mpangilio wa mazoezi unaofuatwa mpaka leo uliandikwa katika karne ya 5 na mtawa Buddhaghosa, huko Anuradhapura, Sri Lanka, katika kitabu kiitwacho Visuddhimagga, yaani njia ya utakaso. Buddhaghosa alikuwa mtu wa vitendo. Anakupa ngazi, anakuonyesha kipi cha kukanyaga kwanza, na anakutajia waliokosea wakaanguka.

Daraja la kwanza ni wewe mwenyewe. Hapa wengi wetu tunashtuka. Tumelelewa kumkaribisha mgeni kwanza, kumpakulia mkubwa kwanza. Kuanza na nafsi si ubinafsi?

Kuna kisa cha mfalme Pasenadi wa Kosala na mkewe, malkia Mallika. Siku moja wakiwa wawili tu juu ya kasri, mfalme akamwuliza mkewe kama kuna yeyote anayempenda kuliko anavyoipenda nafsi yake. Bila shaka alitarajia kusikia jina lake. Mallika akafikiri, akasema ukweli: hakuna. Kisha akamrudishia swali. Mfalme akajichunguza, akakuta jibu lake ni lilelile. Alipompelekea Budha habari hii, labda akitumaini mke atakosolewa, Budha hakumkosoa. Alichosema ni kwamba kwa kuwa kila mtu anajipenda hivyo, anayejua thamani ya nafsi yake asimdhuru mwingine, kwa maana naye anajipenda vilevile.

Nafsi yako, basi, ni kipimo. Unajua raha ya kulala bila deni kichwani. Unajua unavyotamani siku ipite bila mtu kukufokea. Unaanza na unachokijua ili baadaye ukipime kwa wengine bila kupunja.

Zoezi ni hili. Keti ukingoni mwa kitanda, au kwenye mkeka, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Dakika 10 zinatosha. Sema kimoyomoyo, polepole, ukiacha kila sentensi itue kabla ya inayofuata:

Niwe salama.
Niwe na afya.
Niwe na amani moyoni.
Siku yangu ipite kwa wepesi.

Rudia. Akili itaondoka: ada ya shule, umeme wa LUKU umekaribia kuisha, yule aliyesoma ujumbe na hajajibu. Ukigundua imeondoka, irudishe bila kujitukana. Namna unavyoirudisha ni sehemu ya zoezi. Mtu anayejisemea mjinga wewe mara 20 ndani ya dakika 10 hajajitakia heri hata kama maneno yote aliyasema sawasawa.

Mtu aliyepigana na ukuta

Daraja la pili ni mfadhili: mtu aliyekutendea wema ambaye ukimkumbuka uso unalegea wenyewe. Mwalimu aliyekununulia daftari. Shangazi aliyekulea. Buddhaghosa anaonya usianze na unayemtamani kimapenzi, na kwa kuthibitisha anasimulia habari ya mume mmoja aliyeambiwa amtakie heri mtu ampendaye. Alichagua mkewe. Akajifungia chumbani afanye taamuli, na shauku ikamzidi hata hakuuona mlango. Usiku kucha akapigana na ukuta.

Tunacheka, lakini Buddhaghosa alikuwa ameona mbali. Katika mafundisho haya kila sifa njema ina maadui wawili: mmoja wa mbali, anayetambulika upesi, na mmoja wa karibu, anayefanana nayo hadi unamkaribisha ndani. Adui wa mbali wa metta ni chuki. Adui wa karibu ni kung'ang'ania. Mzazi anayesema nakutakia mema huku akimchagulia mwanawe masomo, kazi na mchumba anaweza kuwa anapigana na ukuta. Kumtakia mtu heri ni kumtakia heri yake, na pengine heri yake haipiti mlangoni kwako.

Mchague, basi, mfadhili ambaye humdai kitu. Mlete usoni, umwambie: uwe salama, uwe na afya, uwe na amani moyoni, siku yako ipite kwa wepesi. Watu wengi hulionja joto hapa kwa mara ya kwanza. Ukilionja, vizuri. Usipolionja, endelea.

Mtu wa kati

Daraja jingine ndilo lililonifunza zaidi, na ndilo linaloingia vizuri zaidi katika maisha ya kila siku. Ni mtu wa kati: humpendi, humchukii. Ukihesabu watu wote uliopishana nao leo, wengi wako hapa. Konda wa daladala. Mlinzi wa benki anayekufungulia mlango. Mama ntilie ambaye unamjua kwa chapati zake tu. Dereva wa bodaboda ambaye sura yake huijui kwa kuwa umekaa nyuma yake.

Zoezi la mtu wa kati halihitaji mkeka. Foleni inatosha, na foleni tunazo. Chagua mtu mmoja katika kila safari. Usimkodolee macho, mwangalie mara moja tu, kisha umtakie yale maneno manne ukitazama dirishani. Mtu huyu naye ameamka alfajiri. Naye ana nambari ya simu ambayo akiona inaita moyo unamruka. Awe salama. Afike salama.

Nilimchagua mlinzi wa jengo nililokuwa nikifanyia kazi. Kwa miaka miwili nilikuwa nikimpungia mkono bila kusimama. Nikawa namtakia heri kila asubuhi ninapopita getini, bila yeye kujua, kwa muda wa mwezi hivi. Siku moja nilipita nikasimama. Kulikuwa na mtu mwingine getini. Nikauliza mwenzake yuko wapi; nikaambiwa amefiwa, amekwenda kwao Singida. Aliporudi nikampa pole. Akanitazama kwa mshangao kidogo, akauliza nimejuaje. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwona. Bila zoezi lile asingekuwapo wiki nzima na mimi ningempungia mkono mtu mwingine bila kutambua.

Watafiti nao wameligusa daraja hili. Mwaka 2008 wanasaikolojia watatu, Hutcherson, Seppala na Gross, waliripoti kwamba dakika chache tu za zoezi la aina hii zilitosha kuwafanya watu wajisikie karibu zaidi na watu wasiowafahamu, waliowaona kwenye picha tu. Mwaka huohuo Barbara Fredrickson na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kwa wafanyakazi nchini Marekani waliofundishwa metta kwa wiki kadhaa: furaha, shukrani na hisia nyingine njema ziliongezeka, lakini kidogokidogo, wiki baada ya wiki. Haba na haba, kama ilivyo kwa kibaba.

Kaa la moto

Halafu yuko jirani wa chumba cha tatu.

Buddhaghosa hakuachii uruke hadi kwake. Ukijaribu kumtakia heri mtu mgumu na hasira ikapanda, anasema, rudi chini. Rudi kwa mfadhili, rudi kwa mtu wa kati, ujaze tena nguvu, kisha upande. Ikishindikana, anakupa orodha ndefu ya njia za kuzima hasira, moja baada ya nyingine, kama fundi anayefungua sanduku la vifaa.

Tafuta jambo lake moja jema. Huenda matendo yake ni mabaya lakini ulimi wake ni mpole, au kinyume chake. Jirani yangu, nikubali nisikubali, alikuwa akimwimbia mtoto wake kila jioni.

Fikiria hasara. Mwenye hasira, kwa mfano anaoutumia Buddhaghosa, ni kama mtu aliyeokota kaa la moto kumrushia mwenzake: atakayeungua wa kwanza ni yeye. Sisi tunasema hasira hasara, na hatuitumii methali hiyo mpaka baada ya hasara.

Mchambue mtu huyo vipande. Unazikasirikia nywele zake? Kucha? Meno? Nilijaribu njia hii nikiwa nimelala, nikitazama dari. Nywele zake zilikuwa za kawaida. Kucha sikuwa nimeziona. Nilipofika kwenye kikohozi chake nikakumbuka kwamba na mimi nakohoa, nikacheka kimyakimya gizani.

Ikiwa yote yameshindikana, anasema Buddhaghosa, toa zawadi. Anamtaja mtawa mmoja wa Sri Lanka aliyeondolewa chumbani mwake mara 3 na mtawa mkubwa kuliko yeye. Yeye akampa mkubwa huyo bakuli zuri alilokuwa amepewa na mama yake mzazi. Mtu wa pwani haoni ajabu hapa. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari ikivuka uani hairudi tupu, na watu wawili wasiosemezana hulazimika walau kurudishiana sahani. Mwaka ule nilivusha sahani ya mihogo. Ilirudi na tambi.

Sitasema kwamba tukawa marafiki. Tulirudi kwenye salamu. Habari za asubuhi, nzuri, za kwako. Lakini tumbo liliacha kukaza, na katika mafundisho ya Budha kuhusu faida 11 za metta, ya kwanza kabisa kutajwa ni kwamba mtu hulala vizuri. Kwangu hiyo ilikuwa imekwisha lipa.

Kuondoka nako

Kabla hujampandisha mtu mgumu kwenye orodha yako, kuna jambo lazima lisemwe wazi, hasa kwetu ambako mwanamke anayepigwa huambiwa avumilie, maana mvumilivu hula mbivu. Metta haikudai ubaki.

Rudi Kosambi. Budha, aliyefundisha kutakia heri viumbe wote, alipoona watawa hawasikii aliondoka. Hakuwalaani, wala hakuendelea kukaa katikati ya kelele zao ili kuonyesha upole wake. Wala si yeye peke yake. Waumini wa mji ule walipoona watawa wamemkimbiza mwalimu, waliacha kuwaamkia na kuwapa chakula, hadi watawa wenyewe wakafunga safari kumfuata Budha mjini Savatthi kumaliza ugomvi. Njaa ilifanya kazi ambayo mahubiri yalishindwa.

Unaweza kumtakia mtu amani ukiwa umehama. Unaweza kumtakia mema ukiwa umeshika barua ya polisi ya kwenda hospitali. Mtu anayekuumiza akipata amani ya kweli moyoni ataacha kukuumiza. Kumtakia hilo hakukuzuii kufunga mlango.

Upo upande wa pili wa onyo hili. Septemba 2007, nchini Myanmar, maelfu ya watawa waliingia barabarani dhidi ya utawala wa kijeshi, huku wakisoma kwa sauti mafundisho ya Budha juu ya metta. Dunia iliwastaajabia. Miaka michache baadaye, katika nchi hiyohiyo, baadhi ya watawa walisimama mbele ya umati wakachochea chuki dhidi ya Waislamu, na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh kuokoa maisha. Maandiko yalikuwa yaleyale. Maneno ya heri yanaweza kukaririwa miaka mingi na mtu ambaye amekwisha amua nani hahesabiwi. Ndiyo maana ngazi ya Buddhaghosa haiishii kwa mtu mgumu. Anakupa mtihani: umekaa na mpendwa wako, mtu wa kati na adui yako, wanakuja majambazi, wanadai mmoja wenu wakamtoe kafara. Utamtoa nani? Ukiwaza adui, bado. Ukiwaza mwenyewe kujitoa, anasema, bado vilevile, kwa kuwa umeona kuna mmoja wa kutolewa.

Hadharani na faraghani

Miezi kadhaa baada ya kuanza mazoezi, niliamka saa kumi usiku nikasikia bomba linakoroma. Maji. Zamani ningejifunika shuka na kusubiri dhamiri ya mwenzangu iamke. Usiku ule nilitoka na ndoo. Sikuwa na hisia yoyote tukufu. Kulikuwa na baridi na mbu. Nikaanza kujaza.

Kwenye ndoo ya tatu nikajisikia. Nilikuwa naigonga ndoo kwenye ukingo wa pipa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naburuta kandambili. Nilikohoa, mara mbili, chini ya dirisha la chumba cha tatu. Nilikuwa nataka asikie nani anajaza.

Nikasimama pale na ndoo mkononi, nikamkumbuka Anuruddha. Hadharani na faraghani, alisema. Nilikuwa nimeusoma ule mstari mara nyingi nikidhani ni mapambo ya maneno.

Ndoo ya nne niliimimina taratibu, kwa kuiegemeza kwenye ukingo ili maji yateleze bila sauti. Ya tano vilevile. Nikavua kandambili, nikarudi chumbani pekupeku, nikalala.